Umekufa! Sijafa!

Mwaka jana nilipigwa kidonge cha rangi kwenye paja la kulia, nikakifuta kwa majani makavu, nikaendelea kupigana kama vile hakuna kilichotokea. Nina miaka thelathini na sita, nina shahada, nina watoto wawili, na kazi yangu ni kuwauliza watu wengine kwa nini hawasemi ukweli. Ngoja nieleze.

Tulikuwa Nairobi, waandishi wa habari kutoka nchi kadhaa za ukanda huu, kwenye mafunzo ya wiki moja ya kusoma takwimu za bajeti. Siku ya mwisho waandaaji wakaona tumechoshwa na majedwali, wakatupakia kwenye basi hadi nje kidogo ya jiji, kwenye kiwanja chenye mikaratusi, mapipa yaliyolazwa na kuta za matairi. Wenyewe waliita kujenga umoja. Mimi nimeshajengwa umoja mara nyingi, kwa kuvuta kamba, kwa kukimbia na magunia, hata kwa kupika ugali kwa mashindano. Safari hii umoja ulijengwa kwa kupigana risasi.

Mchezo unaitwa peintiboli. Mnagawanyika pande mbili, mnavaa ovaroli, kila mmoja anapewa kitu kama bunduki kinachorusha vidonge vyenye rangi ndani. Kidonge kikikupiga kikapasuka, umekufa, unainua mkono na kutoka nje. Kijana aliyetupokea, Mkenya mchangamfu mwenye kofia ya jua, alianza kwa kuturekebisha lugha. "Hii si bunduki, watu wangu. Hii ni maka. Ukiita bunduki, mimi sikujui." Maka, yaani chombo cha kutilia alama. Nilidhani ni maneno ya kutuliza watu waoga. Kumbe ana historia upande wake.

Mwanzoni chombo cha namna hiyo hakikutengenezwa kwa ajili ya mchezo. Miaka ya 1970 kampuni moja ya rangi ya Marekani, Nelson, ilikuwa inawauzia mabwana misitu rangi za kuwekea alama miti ya kukatwa. Mti ukiwa ng'ambo ya korongo, mtu anachoka kuvuka na kopo na brashi. Ikatafutwa bastola ya gesi inayorusha kidonge cha rangi, ikatengenezwa na kampuni ya Daisy, ile ya bunduki za upepo, ikaitwa Nelspot 007. Wafugaji nao wakaichukua, wakawa wanatia alama ng'ombe kwa mbali. Tarehe 27 Juni 1981, watu kumi na wawili waliingia msituni huko Henniker, jimbo la New Hampshire, kila mmoja na bastola yake ya kutilia alama miti, wakawindana wakitafuta bendera. Aliyeshinda alikuwa mtu wa misitu. Alikusanya bendera zake zote bila kufyatua hata kidonge kimoja. Napenda sana habari hiyo, na nadhani watu wengi wanaopenda mchezo huu wangependa isisimuliwe mara kwa mara.

Basi nikapewa maka yangu. Nikaishika, nikaipima uzito, nikaielekeza kwenye pipa, na kitu cha kwanza nilichofikiria kilikuwa mabibo.

Kwa msomaji asiyetoka Kusini: bibo ni lile tunda laini, jekundu au la njano, ambalo korosho yenyewe inaning'inia chini yake. Mimi nimekulia Kitangari, wilaya ya Newala, kwenye barabara ya kutoka Newala kwenda Mtama. Watu wa Newala mjini wanatufahamu kwa maji, kwa sababu chanzo cha Mitema kiko bondeni kwetu na maji yanasukumwa kwa pampu kupanda hadi kwao juu. Sisi wenyewe tunajifahamu kwa mikorosho. Kuanzia Oktoba mpaka Desemba, ukiwa mtoto Kitangari, maisha yako yako chini ya mikorosho. Asubuhi unaokota, mchana unaokota, na kati ya kuokota na kuokota mnapigana vita.

Vita yetu ilikuwa ya mabibo. Upande mmoja watoto wa juu ya barabara, upande wa pili watoto wa bondeni. Unachuma bibo lililoiva kiasi, unajificha nyuma ya shina, mwenzako akipita unamtwanga. Likimpata linapasuka, maji yanaruka, anatakiwa akae chini ya mkorosho mpaka vita iishe. Ungemwambia yeyote kati yetu kwamba watu wazima wa Marekani wanalipa pesa kufanya hivyo angecheka mpaka alale chini.

Shida ya vita ile, na hapa wote mliowahi kuwa watoto mtanielewa, haikuwa kupiga. Ilikuwa kukubali. "Umekufa!" "Sijafa!" "Nimekupiga begani!" "Hilo la jana!" Na kweli huwezi kujua, kwa sababu doa la maji ya bibo halitoki. Utafua kwa sabuni ya mche, utaanika juani, doa ndiyo kwanza linakuwa la kahawia. Kufikia Novemba mashati yetu yote yalikuwa na ramani ya vita nzima. La leo, la jana, la wiki iliyopita, yote yako pale. Tulijaribu kupigana vifua wazi, ikawa mbaya zaidi. Kwenye ngozi maji ya bibo yanakauka kabla hujafika kwa mwamuzi, na mwamuzi mwenyewe ana miaka saba.

Nilikuja kuelewa kule Nairobi kwamba doa lisilotoka ni ushahidi mbovu. Vidonge vya mwanzo vya Wamarekani wale vilikuwa na rangi ya mafuta, maana mti wa kukatwa unatakiwa ukae na alama yake hata mvua ikinyesha. Wachezaji walikuwa wanajisafisha kwa tapentaini kama mafundi rangi. Baadaye ikaja rangi inayotoka kwa maji. Unaweza kudhani walifanya hivyo kwa kuwahurumia wanaofua nguo. Lakini fikiria: alama inayotoka ndiyo pekee inayoweza kusema "sasa hivi". Ukiingia uwanjani msafi, chochote utakachotoka nacho ni cha leo. Kidonge chenyewe hakina maajabu. Ganda lake ni la jelatini, teknolojia ileile ya vidonge laini vya dawa, kipenyo kama milimita 17, uzito karibu gramu tatu. Ndani kuna kimiminika kizito kisicho na sumu, na rangi. Ndiyo hicho tu.

Baada ya mzunguko wa kwanza nilimfuata yule kijana pale anapojazia mitungi, nikamwuliza swali ambalo mwandishi yeyote angeuliza: maka nzuri ni ipi? Nilitegemea aniambie inayopiga mbali. Akacheka. "Ndugu yangu Mtanzania, hilo ni swali la mtu wa kwanza kuja. Zote zinapiga mbali sawa."

Na ndivyo ilivyo, kwa sababu mwendo una mpaka. Viwanja vingi haviruhusu kidonge kutoka kwa zaidi ya futi 300 kwa sekunde, yaani karibu meta 91. Kabla ya mchezo kila maka inafyatuliwa mbele ya kipima mwendo, na ikizidi inarekebishwa. Kwa hiyo hakuna anayeweza kujivunia nguvu. Mtutu mrefu nao, alisema, wageni wanaupenda kwa sababu unaonekana wa kijeshi, lakini hauongezi shabaha. Kidonge ni duara, ni laini, kina mshono wa kiwandani, kikishatembea meta hamsini kinajiendea kinakotaka. Cha muhimu ni kidonge na mtutu vikubaliane. Kikiwa kidogo, hewa inapita pembeni. Kikiwa kikubwa, kinapasukia humohumo ndani.

Alichokisifia yeye ni usawa. Maka nzuri, kwake, ni ile ambayo kidonge cha mia kinatoka kama cha kwanza. Akanionyesha mitungi miwili. Mmoja wa kabonidioksaidi, ambayo ndani imekaa kama maji, kama gesi yetu ya kupikia. Ukifyatua harakaharaka mtungi unapoa, unaweza hata kuona umande nje, na nguvu inashuka, vidonge vinaanza kuangukia miguuni kwako. Jua likiwaka ni kinyume chake: maka iliyopimwa asubuhi ikapita, saa saba mchana inapiga kuliko inavyoruhusiwa, na mwenye nayo hajui. Mtungi wa pili ni wa hewa tu iliyoshindiliwa, ukiwa na regyuleta nzuri. Huo hauna hasira za asubuhi na mchana. "Mimi nataka maka isiyo na mood," alisema, na nimeliacha neno lake kama lilivyo kwa sababu sikupata la kulishinda.

Halafu akanionyesha ya kwake mwenyewe, ambayo haikodishwi. Ya umeme, nyepesi, rangi ya zambarau. Akafungua pembeni, akanionyesha kwenye chemba vitobo viwili vinavyotazamana. Mwali usioonekana unapita kutoka kimoja kwenda kingine. Kidonge kikishuka kikakaa sawasawa, mwali unakatika, maka inajua kimefika, inakubali kufyatua. Kisipofika, hata ukibonyeza vipi haifyatui. Bila kitu hicho chuma cha ndani kinaweza kuja mbele kidonge kikiwa nusu mlangoni, kikakikata, rangi ikajaa mtutuni, na kuanzia hapo kila utakachorusha kinakwenda upogo.

"Hivi vinaitwaje?" nikauliza.

"Hayo ni macho," akasema. "Maka nzuri lazima iwe na macho. Inaona kabla ya kupiga."

Sikuandika kwenye daftari. Nilimrudishia maka yake.

Mzunguko wa pili ndio niliofuta rangi. Nilikuwa nyuma ya pipa, mwenzangu wa Kampala yuko kushoto, tumebaki watatu kwa watatu. Nikasikia kitu kama konzi kwenye paja. Nikatazama: rangi ya chungwa, mbichi, inateleza. Hakuna aliyeniona. Mkono ukafika chini wenyewe, ukachota majani, ukafuta. Nikasimama, nikafyatua, nikampiga mtu kifuani, akainua mkono wake kistaarabu kabisa akatoka. Tukashinda. Wakati wa chakula kila mtu ananipongeza, yule kijana wa kiwanja akaniangalia paja, akaniangalia usoni, akaendelea kugawa soda. Baadaye nilijua kwamba jambo hilo lina jina lake katika mchezo ule, na kwamba ndilo kosa linalodharauliwa kuliko yote. Watu wameunda chombo cha kumaliza ubishi wa "umekufa, sijafa", wameweka regyuleta, wameweka macho, na bado kiganja kimoja cha majani kinatosha kukishinda.

Sasa nirudi Kitangari, Novemba 2000. Nina miaka kumi na moja.

Mtoto wa mjomba wangu, ambaye nitamwita binamu tu kama ninavyomwita siku zote, alikuwa upande wa bondeni. Alinizidi mwaka mmoja. Hajawahi kufa. Nasema kweli, msimu mzima wa mwaka ule hajakubali hata mara moja kwamba amekufa. Ukimpiga mgongoni anasema ni la jana, ukimpiga tumboni anasema amejimwagia mwenyewe akila. Na alikuwa anabisha kwa furaha, anacheka, anakimbia kinyumenyume huku anaimba "sijafa, sijafa". Watoto wote wanacheka naye. Mimi sikuwa nacheka.

Nilikuwa na manati. Watu wa umri wangu hawahitaji kuambiwa manati bora ni ipi, lakini kuna kizazi kinakua bila kuijua, basi niseme. Panda iwe ya mpera, iliyokatwa mbichi na kukaushwa taratibu kivulini. Mpira wa tyubu ya baiskeli, vipande viwili vya upana mmoja, maana kimoja kikizidi jiwe linakwenda kando. Ngozi ya kushikia jiwe, ulimi wa kiatu cha zamani. Manati yangu ilikuwa hivyo, na nilikuwa na shabaha. Kwenye vita ya mabibo ilikatazwa. Jiwe linaumiza, kila mtu alijua. Nikafanya uvumbuzi: korosho mbichi, ya kijani, ambayo haijakomaa. Ni nyepesi kuliko jiwe. Nikajishawishi kwamba ni kama bibo dogo.

Ila korosho ya kijani haiachi alama. Hapo ndipo nilipopata akili ya pili.

Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba ganda la korosho lina mafuta yanayochoma. Yakikupata mkononi ngozi inababuka, inakuwa nyeusi, alama inakaa wiki kadhaa. Wasichana wakubwa walikuwa wanajiandika nayo herufi mkononi. Bibi yangu, ambaye alikuwa na chale usoni kama wazee wengi wa Kimakonde wa rika lake, alikuwa akiwaona anatikisa kichwa. "Wajukuu zangu," alikuwa akisema, "nkitaka alama njue ya nini, maana itakaa." Nilichukua wembe wake, nikaenda nyuma ya choo, nikachanja korosho tano, kila moja mikato miwili, ili ikigonga iache mafuta. Nilikuwa nimetengeneza, miaka yangu kumi na moja, kidonge cha kutilia alama. Alama ambayo haiwezi kuwa ya jana. Alama ambayo binamu hawezi kuibishia.

Nilimpiga kwanza bibo, kwa mkono, kwa nyuma. Akageuka akicheka. "Sijafa!" Nikavuta manati.

Ilimpata jicho la kushoto.

Sitaeleza sana. Bibi alimwaga mtungi mzima wa maji usoni kwake, na mtu aliyeishi Uwanda wa Makonde miaka ile anajua mtungi mzima wa maji ulikuwa na maana gani. Siku ya pili mjomba akapata gari, tukashuka Mtama, tukashika barabara ya Masasi hadi Ndanda, kwenye hospitali ya misheni. Mimi nilichukuliwa ili nieleze ilikuwaje. Walimsafisha, wakamlaza, wakafanya walichoweza. Jicho halikutolewa, ila lilifunga utando mweupe na halikuona tena.

Pale kwenye benchi la nje daktari alimwuliza mjomba kama ile korosho ilikuwa imepasuliwa, kwa sababu mafuta yameingia mengi. Mjomba akanigeukia. Kwetu mjomba ni mtu mkubwa kuliko baba, ndiye mwenye wewe. Hakunishika, hakupaza sauti.

"Mwanangu, uliipasua?"

"Hapana, mjomba. Ilipasuka yenyewe ilipomgonga."

Akamtazama daktari, akasema, "Ilipasuka yenyewe." Ndivyo ilivyobaki. Katika ukoo wetu habari hiyo inasimuliwa hivyo mpaka leo: watoto walikuwa wanacheza, korosho ikapasuka, ajali. Mjomba alifariki mwaka 2015 akiamini hivyo. Wembe bibi aliutafuta siku kadhaa, nikasema labda umepotea.

Kwenye kiwanja cha Nairobi, kabla ya yote, yule kijana alitumia dakika kama ishirini kwenye jambo moja tu. Maski. "Hii maski haitoki. Umepigwa, haitoki. Huoni kitu, haitoki. Unasikia joto ya kufa, haitoki. Mpaka ufike nje ya wavu, na kila maka imefunikwa mdomo. Mimi nikiona jicho la mtu huku ndani, nafunga mchezo, tunaenda nyumbani." Wenzangu walikuwa wanachoka kumsikiliza. Mimi nilikuwa nimesimama pale na kile kinyago usoni, nikikumbuka lipiko wa ngoma zetu za jando, naye havui uso wake mbele ya watu hata aloe jasho vipi, na tulikuwa tunamkimbia tukilia. Nilijikuta natamani kijana aendelee kusema. Ukimwuliza mtu yeyote anayejua mchezo huu maka bora inaanzia wapi, akiwa mkweli atakuambia inaanzia kwenye uso wa mtu atakayepigwa. Kidonge kile kwa mwendo ule, kwenye paja ni konzi. Kwenye jicho tupu ni kama korosho yangu.

Niliweka kidonge kimoja mfukoni. Sijui kwa nini, au najua.

Novemba nikaenda nyumbani. Binamu analima mikorosho ya upande wa mama yake, mikorosho mizuri, ameipalilia chini mpaka unaweza kuona korosho moja iliyodondoka kwa umbali wa hatua kumi. Ukutani kwake inaning'inia miwani ya plastiki anayovaa wakati wa kupuliza salfa. Wakulima wengi wanapuliza macho wazi. Yeye hapana, anasema lililobaki analilipia bima. Tulikaa chini ya mti, yeye anakonyoa korosho kutoka kwenye mabibo, mimi namsaidia polepole kama mtu wa mjini. Nikatoa kile kidonge. Joto lilikuwa limeshakiharibu, kimebonyea upande mmoja, kisingepita kwenye mtutu wowote.

"Ndicho mlichopigana nacho huko?"

"Ndicho."

"Kinaua ndege?"

"Hakiui kitu."

Akakizungusha mkononi, akakileta karibu na jicho la kulia, akakibonyeza. Kikapasuka, rangi ya chungwa ikamjaa vidole. Akanusa.

"Inatoka?"

"Inatoka. Kwa maji tu."

Akajifuta kwenye gamba la mkorosho. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya sentensi yangu tangu Mtama, na ilipotoka haikuwa ile niliyoifanyia mazoezi.

"Binamu, ile korosho niliichanja. Kwa wembe."

Hakuacha kukonyoa. "Wembe wa bibi," akasema. "Nilikuona asubuhi ile, uko nyuma ya choo. Nikadhani unatengeneza kitu cha kuchezea."

Nikashindwa kuuliza, halafu nikauliza. Kwa nini hakusema, pale hospitali, au siku yoyote baada ya pale.

"Kwa baba ningesema nini? Na mimi lile bibo la kwanza lilikuwa limenipata." Akapeleka mkono nyuma, akagusa bega. "Hapa. Nilikuwa nabisha tu."

Akatupa bibo pembeni, akachukua jingine. "Hebu sogeza hilo tenga, limejaa upande mmoja."